Kabla ya kununua samaki, pima kinywa: Somo kwa wanaotaka kufuga uduvi katika tangi dogo

MFANYABIASHARA wa Mwadui au Maganzo anayefikiria kuweka tangi dogo la kioo lenye uduvi na samaki, iwe kwa pambo la duka au kwa kuuza, anatakiwa aanze hesabu yake kwenye kinywa cha samaki na siyo kwenye rangi yake. Wengi huanza kwa rangi. Hununua samaki wanaong'aa, huwachanganya na uduvi ishirini, na baada ya wiki mbili hubaki na samaki walioshiba na maji matupu.

Biashara yenyewe ni ndogo, na hilo lisemwe mapema ili asije mtu akauza ng'ombe kwa ajili yake. Hata hivyo, ina mahali pake katika mji uliozoea kutegemea kitu kimoja. Tangu Dk. John Williamson alipogundua mwamba wa almasi mwaka 1940, mzunguko wa fedha wa Mwadui umepanda na kushuka pamoja na mgodi. Aprili 2020 uzalishaji ulisimamishwa baada ya soko la almasi duniani kuporomoka wakati wa ugonjwa wa Uviko, ukaanza tena mwaka 2021. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipasuka na kazi ikasimama kwa mara nyingine hadi mwaka uliofuata. Mwenye duka aliyepitia vipindi hivyo viwili hahitaji kufundishwa maana ya kuwa na shughuli ya pembeni. Tangi la uduvi halitalipa karo ya shule nzima, lakini mtaji wake unakaa juu ya meza, na mali yake huzaana yenyewe ikiwa mwenyewe hataiharibu.

UDUVI GANI

Uduvi wanaozungumziwa hapa si wale wa pwani wanaokaushwa na kuuzwa kwa kipimo sokoni. Ni uduvi wa maji baridi, viumbe wenye urefu wa sentimita mbili na nusu au tatu wakishakomaa. Wapo wa aina mbili wanaoweza kumhusu mkazi wa Kanda ya Ziwa.

Wa kwanza ni wa nyumbani. Ziwa Victoria lina uduvi wake, kwa jina la kitaalamu Caridina nilotica, ambaye wavuvi wa dagaa humkuta ndani ya nyavu zao na ambaye huishia kwenye chakula cha kuku. Hana rangi. Mwili wake unaona hadi ndani, na katika tangi huonekana kama kivuli chenye macho. Mnunuzi wa pambo hatamlipia sana, lakini kwa anayejifunza ni mwalimu wa bei nafuu.

Wa pili ni Neocaridina davidi, mwenye asili ya China na Taiwan, ambaye wafugaji wamemchagua kizazi baada ya kizazi hadi akawa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Siku hizi wapo pia wa manjano, wa bluu na weusi. Huyu ndiye mwenye soko. Wafugaji huwapanga kwa madaraja, ambapo mwekundu aliyekolea mwili mzima hadi miguuni huwa juu, na mwenye mabaka yanayoruhusu mwanga kupita huwa chini. Wanunuzi wa mawe wa Maganzo hawatapata shida kuelewa utaratibu huo.

Jike la uduvi mwekundu hubeba mayai chini ya tumbo, yapata ishirini hadi thelathini kwa mara moja, kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Watoto wanaotoka huwa na umbo la mama yao kamili, ila urefu wao ni kama milimita mbili tu. Hawapitii hatua ya kuelea baharini kama jamii nyingine za uduvi, na ndiyo maana huzaliana vizuri ndani ya ndoo ya mtu wa bara. Baada ya miezi mitatu hivi na wao huwa tayari kubeba mayai.

Kwa lugha ya ukurasa huu, uduvi wakubwa ni mtaji na watoto ni riba. Samaki wengi wanaosifiwa kwamba "hawali uduvi" ni kweli hawagusi mtaji. Wanachokula ni riba, kimya kimya, kila asubuhi, na mwenye tangi hudhani uduvi wake ni tasa.

HESABU YA MEZANI

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 30. Likijaa hubeba lita 40 na nusu, na kwa kweli huwa pungufu kwa sababu ya changarawe na mimea. Humo tuweke uduvi 20, nusu yao wakiwa majike. Majike kumi yakibeba mayai 25 kila moja, na yote yakaanguliwa, ni watoto 250.

Sasa tuweke samaki sita wa aina ya gapi, na tukadirie kwa upole kabisa kwamba kila mmoja anaokota watoto watano kwa siku. Hao ni thelathini kwa siku. Katika tangi lisilo na maficho watoto wote 250 watakuwa wamekwisha siku ya tisa, wakati mtoto wa uduvi anahitaji wiki kadhaa kufikia ukubwa ambao gapi hawezi kuummeza. Hizi si takwimu za utafiti, ni hesabu ya mezani ya kuonyesha mwendo wa mambo. Hata ukipunguza ulaji huo kwa nusu, uzao umekwisha siku ya kumi na saba.

Kutokana na hesabu hiyo, swali la "nichague samaki gani" lina jibu tofauti kwa watu wawili tofauti. Anayetaka kuuza uduvi asichague samaki yeyote. Tangi la uzalishaji liwe la uduvi peke yao, na samaki wakae kwenye tangi la pili. Ushauri huu hauvutii na wauzaji wa samaki hawaupendi, lakini ndio unaolinda fedha. Anayetaka pambo la kaunta, na ambaye ataridhika uduvi wakibaki idadi ileile mwaka mzima, huyo ndiye anayeweza kuchagua samaki. Makala haya kuanzia hapa yanamhusu yeye zaidi.

ZIWA LILIFANYA JARIBIO HILO

Kanda hii ina mfano mkubwa kuliko tangi lolote. Katika uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970, furu walikuwa yapata asilimia 80 ya uzito wa samaki waliovuliwa kwa nyavu za kukokota chini ya Ziwa Victoria. Walikuwa aina mamia. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine wadudu, na walikuwepo waliokula uduvi hasa.

Sangara alikuwa ameshapandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwa miaka ishirini hivi alionekana mgeni mpole. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na furu wakaanguka. Katika Ghuba ya Mwanza, ambayo upande wake wa magharibi unapakana na nchi ya Sengerema kuelekea Geita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wakiwahesabu furu tangu miaka ya 1970, na hivyo wakajikuta wanahesabu pia kutoweka kwao. Aina nyingi, zinazokadiriwa kufikia mia mbili, hazikuonekana tena.

Uduvi nao? Sangara wachanga huwala sana. Mtu angetarajia waishe. Badala yake waliongezeka kuliko ilivyowahi kuonekana. Sababu zinazotajwa na wataalamu ni kwamba vinywa vya furu vilivyokuwa vikiwabana viliondoka, mabaki ya mimea na viumbe waliokufa ambayo ndiyo chakula chao yakabaki mengi, na zaidi ya hayo uduvi wa Ziwa Victoria anavumilia maji yenye hewa kidogo. Huko chini ambako sangara anakosa pumzi, uduvi alipata maficho.

Mwenye tangi anapata mambo mawili hapo. La kwanza, idadi ya vinywa vidogo ni hatari kuliko ukubwa wa kinywa kimoja. Furu wa vidole viwili walio mia walibana uduvi kuliko alivyofanya sangara. La pili, maficho huokoa hata pale ambapo adui yupo.

Lipo na la tatu, ambalo wauzaji wa samaki hawalitaji. Furu waliorudi katika miaka ya 1990, baada ya sangara kupungua kwa kuvuliwa, hawakurudi na tabia zilezile zote. Baadhi ya aina zilizokuwa zikijulikana kwa kula vijidudu vidogo vinavyoelea zilikutwa zikila mawindo makubwa zaidi, uduvi wakiwemo. Samaki hasomi kitabu kilichoandika chakula chake. Anakula kilichopo, kinachoingia kinywani. Kwa hiyo maneno ya muuzaji kwamba "huyu ni wa mwani tu" yapokelewe kama maneno ya muuzaji yeyote.

WASIOFAA, HATA WAKIWA RAHISI KUPATIKANA

Kishawishi cha kwanza kwa mkazi wa Shinyanga au Geita ni vifaranga vya sato, kwa sababu wafugaji wa mabwawa wanavyo na bei yake ni ya chini. Sato ni samaki wa bwawa na wa sahani. Ndani ya miezi michache tangi la lita 40 litakuwa halimtoshi, na kabla ya hapo atakuwa ameshachimbua mimea na kula uduvi. Kambare ni vilevile na zaidi, maana huwinda usiku mwenye duka akiwa amelala. Gogogo huonekana mpole akijificha chini ya jiwe, lakini huamka taa zikizimwa.

Furu wana rangi ambazo zingeuza tangi lolote, na wapo wadogo. Hata hivyo, ni samaki wa kugombea eneo. Dume moja hujitwalia nusu ya tangi, na uduvi aliyejivua gamba, ambaye kwa siku moja au mbili mwili wake ni laini, hapati pa kwenda. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa nje kutoka Kigoma, wana tatizo hilo pamoja na jingine: maji yao ni magumu na yenye alkali nyingi kuliko ya Ziwa Victoria. Tanganyika ina uduvi wake wa asili waliozoea hali hiyo. Kuwachanganya samaki wa huko na uduvi wekundu ni kuwabana wote wawili.

Dagaa wengi wameuliza habari zake. Dagaa huishi kwa makundi makubwa mbali na ufukwe, na akitolewa majini hufa upesi. Hafugiki katika kioo.

Samaki wa dhahabu, ambaye jina lake linapendwa Geita kwa sababu zinazoeleweka, hukua mnene, huchafua maji na humeza uduvi mzima. Beta, yule wa mapezi marefu anayeuzwa mmoja mmoja kwenye chupa, ni bahati nasibu. Yupo anayewapuuza uduvi na yupo anayewakata miguu kwa mchezo. Anayependa kamari ana michezo mingine ya bei rahisi.

Samaki wa madimbwi ya msimu, jamii ya Nothobranchius, ni fahari ya Tanzania, na wafugaji wa Ulaya huwatafuta sana. Mayai yao hukaa ndani ya udongo mkavu wakati wote wa kiangazi na kuanguliwa mvua zikirudi. Kwa kuwa maisha yao ni mafupi, hula kwa pupa ili wakue haraka. Wafugwe peke yao.

WANAOWEZA KUKAA PAMOJA

Kipimo kinachotumika ni rahisi. Mtazame samaki akiwa mkubwa kabisa, si akiwa kifaranga dukani. Kisha utazame upana wa kinywa chake na upande kinakoelekea. Kinywa kinachoelekea juu ni cha samaki wa juu ya maji, anayeokota wadudu wanaoanguka. Kinywa cha chini chenye umbo la kibandiko ni cha kulamba mwani. Kinywa cha mbele kilicho wazi, chenye macho makubwa nyuma yake, ni cha mwindaji.

Kwa kipimo hicho, samaki salama kuliko wote ni otosinklasi wa Amerika ya Kusini, mwenye kinywa cha kubandika, asiyezidi sentimita tano. Hulamba mwani kwenye kioo na hata watoto wa uduvi hupita mbele yake bila wasiwasi. Kasoro yake ni kwamba hufa njaa katika tangi jipya lisilo na mwani, na huyu lazima aagizwe. Wanaomfuata ni rasbora wadogo wa Borneo, Boraras brigittae, wenye urefu wa sentimita mbili, ambao wakubwa wao hawawezi kumfanya lolote uduvi mzima. Watoto wachache wataliwa. Bei ya kuagiza samaki hao wawili kwa tangi moja la duka haina mantiki ya kibiashara. Labda wafanyabiashara watatu au wanne waagize kwa pamoja.

Kwa upande wa samaki wa kwetu, wapo wawili wanaostahili kujaribiwa kabla ya kufikiria ndege. Mmoja ni samaki mdogo wa kingo za Ziwa Victoria na mito inayoingia humo, mwenye jicho linalometa kama taa likipigwa na mwanga. Kitaalamu jina lake la pili ni bukobanus, kwa heshima ya Bukoba. Hazidi sentimita tano hivi, kinywa chake kinaelekea juu, na hukaa sehemu ya juu ya maji wakati uduvi wako chini. Watoto wa uduvi wanaopanda juu atawaokota, lakini hawafuati chini. Wa pili ni wale samaki wadogo wa magamba wa vijito, jamii ya Enteromius, hasa Enteromius apleurogramma mwenye mapezi mekundu, asiyefika sentimita sita. Jamii hii ina aina nyingi, na nyingine hukua kubwa. Asiyeweza kuwatofautisha asinunue kundi zima kwa kuambiwa.

Gapi abaki kuwa chaguo la kati. Ni rahisi, huzaa bila kubembelezwa, huvumilia joto la Shinyanga, na kinywa chake hakimwezi uduvi mkomavu. Kuna faida nyingine kwa mwenye nyumba, kwamba hula viluwiluwi vya mbu. Ubaya wake umeshaelezwa kwenye hesabu. Dawa ni kununua madume tu, ambayo ni madogo na ndiyo yenye rangi. Majike ni makubwa, yana njaa zaidi, na kila mwezi huongeza vinywa vipya vya kuwatafuta watoto wa uduvi. Madume manne katika lita 40 yanatosha.

Anayeanza anunue uduvi kwanza. Awaache peke yao miezi mitatu, waenee na wazoee maficho, ndipo aingize samaki wachache wakiwa bado wadogo. Samaki akitangulia hulichukulia tangi lote kuwa sahani yake.

MAFICHO NA SUMU

Mimea yenye nyuzi nyembamba ndiyo benki ya watoto wa uduvi. Fungu la mimea ya majini yenye majani kama manyoya, likijaza theluthi moja ya tangi, huokoa wengi ambao wangeliwa. Mizizi ya gugumaji hufanya kazi hiyo vizuri sana, lakini kila mtu wa Kanda ya Ziwa anakumbuka jinsi mmea huo ulivyofunika mialo katika miaka ya 1990. Anayeutumia asiutupe kwenye bwawa wala mtaro. Auanike juani hadi ukauke kabisa, kisha auchome.

Mimea isichukuliwe kwenye madimbwi yaliyo karibu na mashamba ya pamba wakati wa kupiga dawa. Uduvi ni ndugu wa wadudu kuliko samaki, na dawa ya kuua funza wa pamba huwaua kwa kiasi ambacho samaki hatakihisi. Kwa sababu hiyohiyo, dawa ya mbu ya kupuliza isitumike chumba chenye tangi, na kipande cha chandarua chenye dawa kisifungwe kwenye mdomo wa chujio. Kosa hilo la chandarua ni jepesi kulifanya, kwani matundu yake yanaonekana kama yametengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande cha sponji safi kinatosha.

Shaba ni sumu nyingine. Dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba ndani yake, kwa hiyo samaki mgonjwa atibiwe kwenye ndoo ya pembeni. Na mchanga wa marudio kutoka kwenye makalasha ya dhahabu ya Geita, hata ukiwa mweupe na mlaini kiasi gani, usiwekwe ndani ya tangi. Umepita kwenye zebaki, na pengine sianidi. Changarawe ya mtoni iliyooshwa vizuri haina gharama.

Maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama hutoka Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, na hutiwa klorini kabla ya kufika kwa mteja. Yaachwe wazi kwenye ndoo pana saa 24 au zaidi kabla ya kutumika. Kwa asili yake maji ya ziwa ni laini, wakati uduvi mwekundu anahitaji chokaa kiasi ili ajenge gamba jipya. Kipande cha ganda la yai lililochemshwa au la konokono kinasaidia. Maji ya visima vya Shinyanga ni habari nyingine. Maeneo mengi yana floridi nyingi, na chumvi zake hutofautiana kutoka kisima hadi kisima. Jaribu kwa uduvi watano kwanza, ukiwaacha wiki mbili.

Joto nalo lina gharama yake. Uduvi huanza kutaabika maji yanapopita nyuzi joto 30, na duka lenye paa la bati mwezi wa Oktoba hufika huko kabla ya saa nane mchana. Tangi likae upande wa ukuta usiopigwa na jua. Umeme ukikatika pampu ya hewa husimama, na tangi lililojaa samaki ndilo linalokosa hewa kwanza. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka wachache.

KIBALI KABLA YA SAFARI

Kuingiza viumbe hai wa majini kutoka nje ya nchi, au kuwavua na kuwasafirisha kama samaki wa mapambo, ni shughuli inayosimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Kabla ya kuagiza chochote, mfanyabiashara amwone Afisa Uvuvi wa wilaya aulizie kibali na leseni. Kuvua samaki hao wadogo kwa chandarua au kokoro ni kosa, na mzigo unaweza kutaifishwa mwaloni kabla haujafika Maganzo.

Serikali za kanda hii zina sababu ya kuwa wakali. Mbali na sangara, kuna mfano wa Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako kamba wa Louisiana waliingizwa mwaka 1970 kwa ajili ya biashara. Waliongezeka na kuchangia kuangamiza mimea ya majini ya ziwa hilo, wakati biashara iliyokusudiwa ilipanda na kushuka bila kufidia. Uduvi mwekundu akimwagwa katika bwawa la kijiji hatauliza kama ni tangi au mto. Maji yanayotolewa wakati wa kusafisha yana watoto wa milimita mbili wasioonekana kwa haraka. Yamwagwe kwenye mchanga mkavu au kwenye shina la mpapai, mbali na mtaro.

Kwa anayesafirisha kutoka Mwanza, ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, maji nusu, na fungu la mimea kwa ajili ya uduvi kushikilia, vinatosha kwa safari ya basi ya saa chache. Asafiri asubuhi. Akifika asiwamimine moja kwa moja. Maji ya tangi yaongezwe kwenye ndoo kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa mbili, ndipo wahamishwe kwa wavu, na maji ya safari yabaki nje ya tangi.